Mfuko Mkavu wa Mzee Khamsing

Siku Mzee Khamsing alipotolewa mrija tumboni, upande wote wa dirishani wa wodi ile ulifurahi kana kwamba kuna mtoto amezaliwa. Mkewe, Bualai, alifungua kikapu chake cha wali wa kunata akawa anamega matonge na kugawa kitanda kwa kitanda. Kwa wagonjwa waliokatazwa kula, matonge aliwapa jamaa zao waliokaa kwenye mikeka chini. Mrija ukitoka, mtu hurudi kwake. Kila anayeuguza analijua hilo. Na mwaka mpya wa kwao, ule wa maji, ulikuwa umebisha hodi. Muda si mrefu watu wangeanza kumwagiana maji njiani, na wazee wangekaa barazani wamiminiwe maji ya maua viganjani na watoto wao. Bualai alikwisha kuamua nani atakaa wapi.

Haikupita siku, mambo yakatumbukia nyongo.

Phikun, binti yao wa pekee, alifika asubuhi kutoka kijijini, mwanawe wa miezi mitano kamfunga kifuani. Alimkuta baba yake amegeuka rangi. Weupe wa macho ulikuwa umezidi umanjano, midomo imekauka, na tumbo limeinuka chini ya shuka kama mtungi uliofunikwa.

"Mama, Baba kawaje?"

"Upepo tu," alisema Bualai, akikunja mkeka ambao ulikwisha kukunjwa. "Kalala mno. Mtu akilala mno hujaa upepo."

"Upepo ndio unamchemsha hivi? Hebu mguse paji."

"Nimemgusa."

"Na nesi umemwambia?"

"Nesi ana vitanda vingapi, mwanangu? Akipata nafasi atakuja mwenyewe."

Mzee Khamsing akafumbua jicho moja. "Mmeanza. Mnanigombania kama nyati wa kulimia mnadani. Nileteeni mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa Puifai, yule mtoto. Phikun akamwinamisha karibu na mto, naye Puifai akalidaka sikio la babu yake akalivuta kwa nguvu zote za kitoto. Mzee akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani, akajishika ubavu wa kulia, uso ukamkunjamana, na baada ya hapo hakusema tena. Hilo ndilo lililomtisha Phikun kuliko homa. Baba yake alikuwa mtu wa maneno. Hata siku anaingizwa chumba cha upasuaji alikuwa akiwauliza wasukuma kitanda kama wana binti wa kuolewa.

Maneno hayo hayo ndiyo aliyowashindia wauguzi wa kijiji miaka na miaka. Walikuja na picha za minyoo wanaoishi ndani ya ini, wakawaambia watu wa kando ya mto wasile samaki mbichi. Mzee Khamsing aliwakaribisha, akawapa maji, kisha akawaambia kwamba ndimu inaunguza minyoo na pombe inawalewesha, sasa watamfanya nini? Jioni akaketi na wenzake, sahani katikati: samaki wadogo wa mto Chi waliokatwakatwa wakiwa bado wanarukaruka, pilipili, ndimu, na mchele uliokaangwa ukasagwa. Minyoo hawakulewa. Walijenga kwenye mifereji ya nyongo, wakazaa, wakazeeka humo, hadi siku madaktari walipoona uvimbe, wakasema sehemu ya ini lazima ikatwe.

Ikakatwa. Pale penye kidonda wakaacha mrija, na mwisho wa mrija wakafunga mfuko ulioning'inia pembeni mwa kitanda, ili kama kuna kitu kinavuja ndani kionekane nje. Mfuko ukawa mkavu. Daktari akaridhika, akautoa mrija.

Sasa daktari huyo huyo, Wasan, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala kwake, alisimama kando ya kitanda akilibonyeza lile tumbo kwa vidole viwili. Akaagiza mashine ya ultrasaundi, akapitisha kifaa chake juu ya ngozi polepole, akarudia.

"Kuna maji humu," alisema. "Ila mashine hii inaniambia kuna maji, hainiambii ni maji gani. Yanaweza kuwa maji ya kawaida tu baada ya upasuaji. Inaweza kuwa damu. Inaweza kuwa nyongo, inavuja pale tulipokata. Ila hiyo ya mwisho sidhani, maana mfuko wake ulikuwa mkavu kila asubuhi tulipoupima. Ingekuwa inavuja tungeiona."

"Ndiyo, daktari," alisema Bualai, viganja vimekutana kifuani.

"Kuna picha nyingine, ya kamera ya mionzi. Hiyo inaonyesha nyongo yenyewe inakwenda wapi. Lakini chumba chao leo kinafungwa mapema kwa sikukuu. Tumpe dawa ya homa, tumtazame. Ikibidi, tutampiga picha hiyo sikukuu zikiisha."

"Ndiyo, daktari. Asante, daktari. Tunakusumbua."

"Hamnisumbui, Mama. Wodi nzima hii, jamaa wasiosumbua ni ninyi."

Akaenda zake. Sifa ile ikamkaa Bualai usoni kama poda. Wa kwanza kuiona alikuwa Mama Somphit, mke wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke mnene ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo.

"Haya, bibi harusi! Unasifiwa na madaktari. Mimi mwenzio jana nesi kaniambia nikimwita tena bila sababu ataniandikia sindano mimi."

"Wewe unawaita kwa mto uliopinda."

"Mto uliopinda si sababu? Wewe unawaitia nini?"

"Mimi siwaiti," alisema Bualai, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Mtoto wa mwenzangu siwezi kumtumikisha uchafu wa kwangu. Hata ule mfuko wake, nilikuwa namwaga mwenyewe. Alfajiri, kabla hawajapita, naupeleka chooni, naumwaga, nausuuza, naurudisha. Wakija wanakuta kweupe. Mabinti wa watu wamesomeshwa, waje kushika vya tumboni mwa mume wangu?"

Phikun alikuwa ananyonyesha. Maneno yale yalimpita kama yanavyopita maneno ya wodini, kisha yakageuka njiani yakamrudia. Mkono uliomshika mtoto ukakaza, hata Puifai akaliachia titi akamtazama.

"Mama. Mfuko ulikuwa unaumwaga?"

"Kila alfajiri."

"Ulikuwa na nini ndani?"

"Si uchafu tu."

"Rangi gani, Mama?"

Bualai akafikiri. Alikuwa mpishi mzuri, na rangi alizijua kwa vyakula. "Rangi ya ile ya ng'ombe tunayokamulia kwenye nyama ya kukatakata, upate uchungu. Manjano ya kijani. Hata harufu yake."

"Mwingi?"

Bualai akakutanisha mikono yake miwili, akaifanya bakuli, kisha akaipanua kidogo. "Mbona unanitolea macho? Nimekosea?"

Mama Somphit akageuka kuunyoosha mto wa mumewe. Phikun akamtazama mama yake: kanga ya kiunoni iliyopigwa pasi kwa kulaliwa chini ya mkeka, nywele zilizobanwa, uso ule uliokuwa bado na poda ya sifa. Mwanamke huyu alikuwa hapiti mbele ya mtu mzima ila ameinama. Nyumbani alikuwa hakopi chumvi kwa jirani ila jirani amesikia kikaango kikimlilia. Kumsumbua mtu, kwake yeye na kwa watu aliokulia nao, kulikuwa dhambi inayotangulia dhambi nyingine zote.

"Hapana, Mama," alisema Phikun. "Ngoja nikambadilishe mtoto."

Akatoka na Puifai vile vile alivyolowa, bila hata nepi mkononi.

Kwenye ukumbi alitembea, halafu akakimbia, kandambili zikimpiga visigino. Shule ya jioni ya watu wazima ilikuwa imemfundisha kidogo kuhusu ini. Kulikuwa na mchoro, na mishale. Kidogo hicho kilimtosha kuogopa na hakikumtosha kufanya lolote. Akimwambia daktari, amemvua mama yake nguo mbele za watu. Asipomwambia, baba yake atakaa na lile tumbo sikukuu nzima, watu wakimwagiana maji njiani. Alimkuta Daktari Wasan kwenye lifti, mguu mmoja ndani.

"Daktari, samahani. Mfuko haukuwa mkavu."

"Mfuko gani?"

"Wa baba yangu, Khamsing. Ulikuwa unajaa. Unamwagwa alfajiri kabla nesi hajapima. Ulikuwa unajaa ile... ya manjano ya kijani."

Mguu wa daktari ukatoka kwenye lifti. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Nani alikuwa anaumwaga?"

"Sisi," alisema Phikun. "Hatukujua."

Alingoja akemewe. Angekemewa angepata pa kusimama. Angelia, au angebisha. Lakini Daktari Wasan alifumba macho tu, akayafumbua.

"Kuna aliyewaambia msiumwage?"

"Hapana."

"Hapana," alirudia yule daktari, kama anajijibu mwenyewe. "Na mimi nilitazama namba, sikumuuliza mtu." Akatoa simu. "Anek? Uko wapi? Umeshavaa viatu? Vivue. Dawa imebaki kiasi gani... Basi hiyo hiyo. Usiondoke, ndugu yangu, nakuomba."

Akamweleza Phikun kwa haraka wakirudi wodini. Dawa ya picha ile ilikuwa haiwekwi akiba. Ilikamuliwa asubuhi kutoka kwenye chombo chake kama maziwa ya ng'ombe, na tangu hapo ilikuwa inadhoofika yenyewe, itumike isitumike. Ikifika jioni isingekuwa na nguvu ya kuonyesha kitu. Na kulikuwa na jambo moja gumu zaidi: mzee asipewe sindano yake ya maumivu. Ile sindano hubana mlango wa nyongo, na mlango ukibanwa, picha itasema uongo.

"Lini alichomwa mara ya mwisho?"

"Alfajiri," alisema nesi.

"Basi tungoje kidogo iishe mwilini, kisha tumshushe. Asiongezwe."

Wakangoja. Kungoja huko Phikun hakukusahau. Maumivu yalikuja kwa Mzee Khamsing taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni, halafu yakaingia ndani yakatandaza mkeka. Mzee alishika chuma cha kitanda. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Dawa ya kumtuliza ilikuwa pale pale, kwenye toroli ya nesi, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, na hakuna aliyeweza kunyoosha mkono. Bualai alikaa miguuni akimkanda nyayo. Aliponyanyua uso, alimuuliza bintiye kwa kunong'ona:

"Mbona haraka ghafla? Si alisema baada ya sikukuu?"

"Wamepata nafasi, Mama."

"Wema wao. Tumewasumbua."

Nesi alikuja kuwaambia kwamba mtoto haruhusiwi kushuka kwenye chumba cha picha. Tena babu yake akishachomwa ile dawa atakuwa nayo mwilini mpaka kesho; mtoto asisogezwe karibu, na mama mtu anayenyonyesha naye akae mbali kidogo.

"Nipe mimi huyo," alisema Mama Somphit, akinyoosha mikono. "Njoo, kifaranga. Bibi yako mimi nalia kwa sauti kuliko wewe, tutashindana."

Puifai akaangua kilio kabla hajafika mikononi. Kilio hicho Phikun alikisikia hadi mlango wa lifti ulipojifunga, na maziwa yakamtoka yakalowanisha blauzi.

Chumba cha picha kilikuwa chini kabisa, baridi kama jokofu la samaki. Anek, mtu wa makamo mwenye kitambi, mkononi amefungwa nyuzi nyeupe za pamba za kumwombea heri, aliwapokea bila kununa ingawa mkoba wake ulikuwa mezani tayari kwa safari. Alimlaza mzee juu ya kitanda chembamba, akamnyoosha mikono juu ya kichwa, akateremsha vile vichwa viwili vya kamera, bapa kama sinia za kuanikia samaki, kimoja juu kimoja chini.

"Mzee, usitikisike. Ukitaka kukohoa niambie kwanza."

"Kikohozi changu hakina desturi ya kubisha hodi," alisema Mzee Khamsing kwa meno yaliyobanwa.

Sindano ikaingia. Anek akawatoa wanawake wawili upande wa pili wa kioo, mbele ya skrini.

"Mionzi hiyo haitamuunguza?" aliuliza Phikun.

"Kamera haipigi mionzi, dada. Yenyewe inapokea tu. Mwanga unatoka kwa mzee mwenyewe, kwenye ile dawa. Ini linaichukua, linaitupa pamoja na nyongo. Kokote nyongo inakokwenda, tutaiona."

"Kwa hiyo inatibu?" aliuliza Bualai.

"Haitibu, Bibi. Inatazama tu."

Skrini ilikuwa nyeusi. Kisha ikapata vumbi la mwanga, chembe moja moja, kama mchele unaomwagwa gizani. Chembe zikakusanyika. Moyo ukaonekana, ukafifia. Halafu lililobaki la ini la Mzee Khamsing likaanza kuwaka, polepole, upande mmoja limekatika wima kama kipande cha tikiti. Phikun hakuwahi kudhani kwamba baba yake ana kitu kizuri hivyo ndani. Akajikuta anaomba, hajui anamwomba nani.

Uzi mwembamba wa mwanga ukashuka kutoka kwenye ini.

"Hiyo ndiyo njia yenyewe," alisema Anek. "Hapo inakwenda kwenye utumbo. Vizuri."

Bualai akapumua. Phikun naye akaanza kupumua. Ndipo pale penye ukingo uliokatika, mahali pasipo na njia, pakatokea nukta. Nukta ikawa doa. Doa likanona kwa kila picha, na ule uzi wa kwenda utumboni ukawa unakonda, kana kwamba mmoja anamla mwenzake. Kisha doa likapata mkia, mkia ukateremka ubavuni, mpana, hauna kingo, kama maji yanapovunja tuta la shamba la mpunga yakajiendea yanapotaka.

Anek akaandika kitu kwenye karatasi.

"Na ule mto mwingine?" aliuliza Bualai.

"Daktari atawaeleza, Bibi."

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Ile si njia."

Anek akamtazama Phikun, Phikun akatazama sakafu.

"Ni nyongo hiyo, Bibi. Inatoka nje ya njia."

Bualai akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa skrini. Mwanga ule ukampiga usoni. Alitazama kama anavyotazama chungu, kujua kimepungukiwa nini.

"Ndiyo ile," alisema. "Ndiyo ile niliyokuwa namwaga."

Phikun akamsogelea. Mama yake hakulia. Aliuliza tu, bila kugeuka:

"Wewe ulijua?"

"Tangu ulipomwambia Mama Somphit."

"Ukamwambia daktari."

"Nilimwambia, Mama."

"Umefanya vizuri. Ila ungeniambia mimi kwanza. Ningekwenda mwenyewe. Miguu ninayo."

Hilo likamchoma Phikun kuliko kama angepigwa kofi.

Daktari Wasan aliingia kimya akasimama nyuma yao. Akamwomba Anek amgeuze mzee alalie ubavu wa kulia, ajue kama maji yale yamejifunga mahali pamoja au yamesambaa. Kupitia kioo waliona Anek akimsukuma kwa mikono miwili, wakaona mdomo wa Mzee Khamsing ukifunguka, na kwa kuwa kioo kilikuwa kinene hawakusikia kilichotoka humo. Kwenye skrini lile doa lilihama, likateleza lote upande wa chini kama maji kwenye sinia.

"Limesambaa," alisema daktari.

"Naweza kusema naye?" aliuliza Bualai.

Anek, ambaye alikuwa amerudi, akambonyezea kitufe cha kipaza sauti. Bualai akainama mbele ya kile kijisanduku. Mwanamke aliyeishi na mumewe tangu usichana wake hakujua aanze na lipi. Akaanza na salamu ya kila siku ya kwao.

"Umekula?"

Ndani, kichwa cha mzee kikatikisika. Sauti ikaja, nyembamba, ya bati.

"Nile nini, mwanamke wewe? Si mmenifunga mdomo tangu asubuhi?"

"Khamsing, ule mfuko niliumwaga mimi. Kila alfajiri. Ndiyo maana hawakujua kwamba unavuja. Ni mimi."

Mashine ikawa inavuma peke yake. Daktari alitazama kalamu yake. Phikun alimshika mama yake kiwiko.

"Miaka yote hii," ilisema ile sauti ya bati, ikisimama kuvuta pumzi kila baada ya neno, "nakuomba uniongezee nyongo kwenye nyama... unanibania. Kumbe ulikuwa unaitaka yote umwage wewe."

"Mzee, usicheke," alisema Anek haraka kwenye kipaza sauti. "Picha inatikisika." Sauti yake mwenyewe ilikuwa inatikisika, akaondoa kidole kwenye kitufe.

Ndipo Bualai alipolia.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo, na katika mbio hizo hapakuwa na nafasi ya Phikun wala mama yake. Mzee akapewa sindano yake, vidole alivyokuwa amevikaza vikalegea kimoja kimoja. Daktari Wasan akawaeleza wakiwa wamesimama. Wangepita mdomoni kwa mpira mwembamba wenye jicho mbele, hadi kwenye mlango wa nyongo, waweke kijibomba ili nyongo ipate mteremko rahisi iache kutafuta ufa. Na ubavuni wangemtoboa tena, wayatoe yale yaliyokwisha kumwagika.

"Atapona?" aliuliza Phikun.

"Ningekuwa na jibu ningekupa, dada. Homa imeshapanda na damu yake sijaipenda." Akasita. "Tungengoja sikukuu ziishe, hapo ningekuwa nalo."

Walikaa nje ya chumba hicho kingine kwenye viti vya plastiki. Bualai aliona sakafu ina tone la maji, akainuka alifute na pindo la kanga yake. Akakumbuka labda si mahali pake kufuta, akakaa tena. Mikono yake haikujua iwekwe wapi. Aliikunja, akaikunjua. Phikun alitaka kumwambia kwamba mtu yeyote angefanya vile, kwamba kijiji kizima kingefanya vile, na ilikuwa kweli, na ukweli huo haukuwa na msaada wowote.

Mzee alitolewa amelala, mrija mpya ubavuni, mfuko mpya pembeni. Daktari Wasan alisema kijibomba kimekaa. Zaidi ya hapo hakusema, nao walimwona kwamba hafichi, ila hana zaidi.

Jua lilipoanza kushuka Phikun alikuwa kwenye mlango wa wodi, upande wa nje, Puifai begani. Mama Somphit alikuwa amemrudisha akiwa ameshiba usingizi, akasema mtoto huyu ana mapafu ya mwimbaji, akaingia ndani kwa mumewe asitanie zaidi. Ndani Phikun hakuruhusiwa. Nesi alikuwa amechora mpaka kwa mkono hewani: wewe na mtoto mwishie hapa, mpaka kesho. Basi alisimama nyuma ya kile kioo cha mlangoni, akamtazama baba yake akilala, mdomo wazi, dripu mbili zikimwingia, asijue kama ile rangi usoni ni ya jua la jioni au ya ugonjwa. Puifai aliweka kiganja kwenye kioo akakipapasa. Hakuna aliyegeuka.

Bualai alikuwa amekaa kitako kwenye kiti kando ya kitanda, mikono yote miwili ameikalia. Macho yake yalikuwa kwenye ule mfuko. Kilichokuwa kinaingia humo, na kwa wingi gani, Phikun kutoka pale hakuweza kuona.

Nesi akaja na chombo chake cha kupimia. Akachuchumaa, akafungua kizibo cha mfuko, akangoja, akafunga. Akanyanyua chombo kwenye mwanga wa dirisha akakitazama, akageuka aondoke. Ndipo Bualai alipotoa mkono mmoja chini ya paja lake akamshika yule binti upindo wa gauni.

Akamuuliza kitu. Nesi akajibu kwa neno moja, huku ameshageuza mguu. Bualai hakumwachia. Akauliza tena, akionyesha chombo, akionyesha ubavu wa mumewe, midomo inakwenda, shingo imenyooka, na Phikun alikaza macho, kwa kuwa tangu azaliwe hakuwahi kumwona mama yake akimuuliza mtu jambo mara ya pili. Nesi akarudisha mguu. Akainama hadi vichwa vyao vikakaribiana, akakishusha chombo kati yao, akaanza kumweleza, polepole, kidole kikipanda na kushuka kwenye mistari.

Phikun akasogeza sikio kwenye kioo. Aliona midomo tu.